Lori Halizaliwi Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini Tunduma nilikabidhiwa kiti kibovu, kompyuta iliyojaa vumbi na programu niliyoambiwa haina tatizo lolote. Nilicheka kimoyomoyo, nikaanza kuichokonoa.

Yadi yetu ilipokea malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Ndani ya programu kila lori lilikuwa na mfano wake, kile tulichokiita objekti: kinabeba taarifa zake na kinajua la kufanya kikiulizwa. Aliyenitangulia alitengeneza aina mbili, Lori Tupu na Lori Lenye Mzigo. Geti likiuliza, "Una mzigo?" Lori Tupu lilijibu hapana, maisha yake yote.

Mimi ni mdadisi, sikai ofisini nikatulia. Nikitoka nje niliona watu wakifaulisha: lori likiharibika, mzigo wake unahamishiwa kwenye lori tupu, safari inaendelea. Nikajiuliza, programu yetu itasemaje hapo?

Jibu lilikuja na Mama Sekela, mfanyabiashara wa parachichi kutoka Ileje. Lori lake lilikatika ekseli, akafaulisha kwenye lori tupu lililokuwa karibu na mwanzo wa foleni. Geti likagoma, maana programu ilisema lori hilo ni tupu. Dawa iliyozoeleka ilikuwa kulifuta lori na kulisajili upya kama Lori Lenye Mzigo, ila lililosajiliwa upya lilienda mkiani.

"Bonyeza hili, mwanangu," alisema akinipa parachichi. Kidole kilizama. "Nikirudishwa nyuma nitavusha uji. Mtaji wangu wote uko humo."

Niliogopa kweli. Nikamwita bosi wangu, Mkuu wa Mifumo, mzee wa Kinyiha mwenye ulimi mkali, akainama kuisoma programu.

"Binti yangu, si unaolewa mwaka huu?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa tukufute, halafu tukuzae upya ukiwa mke wa mtu?"

Nilicheka, kisha nikavuta kibodi, maana nilishaona kosa lilipo. Nikabakiza aina moja, Lori. Ndani yake nikaweka objekti ndogo, Hali. Geti likiuliza, lori linaiachia Hali yake ijibu. Mzigo ukipakiwa, unachomoa Hali ya kuwa tupu, unachomeka ya kuwa na mzigo. Namba ya lori na nafasi yake kwenye foleni haziguswi. Jioni geti likafunguka, Mama Sekela akavuka akipunga mkono.

Baadaye nilihamia Vwawa, kwenye mfumo wa ghala la kahawa. Huko kahawa ikikaangwa ilifutwa na kusajiliwa kama kitu kingine, hata mkulima wake hajulikani. Meneja wa Ghala alishangaa kuniona nafurahi; dawa yake nilikuwa naijua tayari.

Sasa nimestaafu. Juzi nilienda yadini kuwasalimia, mlinzi akatafuta jina langu kwenye kompyuta.

"Mama, humu jina lako halimo. Nikuandike mgeni mpya?"

Kumbe nilipoondoka walinifuta, miaka yangu yote nayo ikaondoka. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nikaomba niitiwe Mkuu wa Mifumo wa sasa, akaja binti mchangamfu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nirudishe humo, mwanangu. Mimi ni yuleyule, badilisha hali tu."