Shimo la Nguzo

Joab mume wangu alikuwa seremala wa shamba la chai, na alikuwa na kiburi chake. Katika kambi nzima ya wafanyakazi, nani mwingine alikuwa na sanduku la barua mbele ya nyumba? Barua zetu zilikuwa zinapotea ofisini, kwa hivyo alitengeneza sanduku la mbao, akalipigilia juu ya nguzo kando ya barabara, akaandika jina lake kwa rangi nyeupe. Tarishi aliyeleta mfuko wa posta kutoka Kericho akakubali kutupitia. Watu walicheka mpaka wakachoka. "Joab amekuwa mzungu!" Wacha wacheke, nilisema. Mtoto wangu wa pekee, Lazarus, alikuwa Kakamega anachimba dhahabu, na barua zake zilihitaji mahali pa kufikia.

Barua tatu zilikuja. Joab alinisomea kila moja mara mbili, maana mimi herufi sizijui. Halafu kimya, miezi saba. Kila jioni nikitoka kuchuma chai, kikapu bado kikiwa mgongoni, nilitia mkono ndani ya lile sanduku. Siku moja nilishika mjusi.

Halafu gari la ng'ombe lililobeba kuni za kiwandani likarudi nyuma vibaya, likaivunja nguzo karibu na ardhi. Sanduku likalala matopeni. Nikasema kesho Joab atairekebisha, kwa sababu yeye hata mguu wa kiti ukitikisika halali. Kesho ikapita. Wiki mbili zikapita!

"Baba Lazarus," nikamwambia, "unataka barua ya mtoto itupwe kwa matope?"

"Nitatengeneza."

"Lini? Mpaka Yesu arudi?"

Nilimsumbua, siwezi kukataa. Nilimpigia kelele asubuhi, nikampigia tena jioni. Mwishowe akaenda kuomba ruhusa, maana pale kila kipande cha udongo kilikuwa cha shamba. Nyapara Momanyi akaleta jibu la ofisi: shimo moja, la nguzo, basi.

Jumamosi akateremka Kiptere kutafuta mti mgumu. Alirudi na gogo begani na gunia mkononi. Nikalifungua lile gunia. Yago! Tunda zima la mti wa mwegea, nene, refu kama mkono wangu. Damu ikanichemka. Nganga, yule Mkikuyu mwenye duka Kapsoit, alikuwa anatengeneza pombe ya muratina kwa tunda hilohilo, na kambi nzima ilijua.

"Ati mzee wa kanisa!" nikamwambia. "Mtoto haandiki, nguzo imelala chini, na wewe unataka kupika pombe na Nganga? Huna haya, Joab?"

Alilifunga lile gunia, akaliingiza ndani. Mimi nikazidi. Nilimwita mlevi, nikamwita baba bure. Leo nikikumbuka maneno hayo nataka kuukata ulimi wangu.

Jumatatu baada ya kazi alianza. Alikata kwa msumeno pale palipovunjika, akaunga kipande kipya cha gogo, nusu kwa nusu, akakaza kwa misumari minne na waya. Sehemu ya chini akaipaka oili chafu, mchwa wasiile. Kazi safi, kama kawaida yake. Halafu akaanza kuchimba. Momanyi alikuja akasimama barabarani, mikono nyuma, kuhakikisha shimo ni moja. Likafika gotini. Likafika pajani.

"Nguzo gani hiyo?" nikamchokoza. "Ama unachimba kisima?"

Aliingia ndani, akatoka na ile yago. Alikuwa ameifunga kwa shati, lile shati la samawati ambalo Lazarus aliliacha. Akapiga magoti, akailaza chini ya shimo kwa mikono miwili.

Mtu wa kwetu Kano haelezwi jambo hilo. Mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, yago ndiyo inayozikwa mahali pake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Barua ilikuja kabla ya nguzo kuvunjika," akasema. "Shimo la dhahabu liliwaporomokea. Hawakuwachimbua. Nilishindwa kukuambia, mama."

Nyasaye, Mungu wangu! Siku hizo zote nilikuwa nampigia kelele aniwekee mahali pa barua, naye barua alikuwa nayo mfukoni.

"Lakini si hapa, Joab. Si barabarani. Tumpeleke nyumbani Kano."

"Niliomba likizo wakaninyima. Nimepewa shimo hili tu."

Nikafungua kinywa nilie, vile mama hulia kwetu, mpaka ng'ambo ya pili wasikie. Joab akaniziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. "Polepole, Wilkista. Nyapara anatazama. Ruhusa ni ya nguzo, si ya matanga."

Akasimamisha nguzo, akarudisha udongo. Nguzo hushindiliwa kwa miguu, hata asiye fundi anajua, na Momanyi akatupigia kelele kutoka barabarani: "Kanyageni! Kanyageni iwe imara!" Joab akainua mguu. Ukabaki hewani kidogo, halafu akaurudisha kando, pasipochimbwa. Tukapiga magoti sote wawili, tukamshindilia mtoto wetu kwa mikono.