Msusi na Nywele Zisizo na Wingi

Majirani walimwita Bi Chanuo, maana chanuo halikumtoka kichwani hata akienda kuanua nguo. Alikuwa msusi hodari, mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Chuo cha ususi kilipotafuta mwalimu, kazi yenyewe angeifanya huku amefumba macho. Kilichomwangusha ni usaili wa Kiingereza. Alisema anaosha "hairs" na kutoa "advices," na msaili mmoja akaangua kicheko. Alirudi nyumbani uso umemshuka.

Wifi yake, muuguzi, alimkuta anakoroga chai isiyo na sukari.

"Wifi, kulikoni?"

"Watu wale wana wazimu! Sisi unywele mmoja, nywele nyingi. Wao eti kichwa kizima hakina wingi!"

Wifi akamsogezea kopo la sukari. "Haya, nihesabie hii."

"Nihesabu punje? Kwani mimi kuku?"

"Sasa ukitaka kuihesabu?"

"Si nitachota kwa kijiko!"

"Ndiyo hivyo. Kuna majina hayahesabiki mpaka uyatafutie kijiko. Ushauri ni 'advice' tu. Ukitaka mmoja, 'a piece of advice.' Nywele za kichwani wanazichukulia kama maji: 'hair,' basi. Ila unywele ukidondokea kwenye supu, huo mmoja unahesabika: 'a hair.'"

"Kumbe mpaka uharibu chakula cha watu!" Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo saluni yake iligeuka darasa. Mteja hakuketi kabla ya kuulizwa "How much hair?" kwa nywele zisizohesabika, na "How many braids?" kwa misuko inayohesabika. Wengine walimwambia amerukwa na akili. Yeye akasuka na kuuliza, akauliza na kusuka.

Nafasi ilipotangazwa tena, alirudi. Aliyeketi mbele yake ni msaili yuleyule wa kicheko. Akamtaka aeleze anavyompokea mteja. Maneno yalikuja kama vidole vyake vinavyokuja kwenye msuko:

"First I ask how much hair she has, then how many braids she wants. And I give her some advice."

Msaili akaweka kalamu chini. "Unaweza kuanza Jumatatu?"

Wifi alipopigiwa simu, vigelegele vyake viliwashtua wagonjwa wodini. Jumatatu Bi Chanuo aliingia darasani kifua mbele. Wanafunzi wakainuka wote.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba," akaitikia, akilivuta lile neno taratibu, aonje utamu wake wote.