Makabati Mawili ya Bernadeta

Mdogo wangu Bernadeta ana mwandiko mzuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Igogo wakimtaja wanasifia mkono wake wa sindano, na mimi najua kilichomponza ni kalamu. Mzee Shimba, baba yetu, alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja tu, na darasani aliyefaulu ni yeye. Mimi nikaenda mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishasafirishwa Ulaya. Sikumwonea wivu. Haya, kidogo.

Mwaka ule wa mvua za Elinino, tisini na saba kuingia tisini na nane, vyoo vya bondeni vilifurika vikamwagikia ziwani, na kipindupindu kikaingia. Bernadeta alikuwa nesi msaidizi kwenye kituo cha afya pale juu kwenye mawe. Miaka kumi na sita kazini, miguu imevimba, mshahara unachelewa, na kila wiki wanasikia kwamba orodha ya kupunguzwa kazi iko njiani. Jioni anapita kwangu, anavua viatu mlangoni, anakaa mkekani. Namwambia, mwenzangu, utakufa na kazi ya serikali. Ananijibu, dada, nipe ugali.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyopangwa. Zamani tulitibiwa bure. Miaka hiyo ikaja habari ya kuchangia: unalipa dirishani, unapewa karatasi, na bila karatasi kabati la dawa halifunguliwi. Kipindupindu kilipoingia serikali ikatoa fungu la dharura, na fungu hilo likaja na kabati lake, jipya, limejaa chupa za dripu mpaka juu. Mwenye kipindupindu halipi hata senti. Anayehara kuhara kwa kawaida, hata kama macho yameshaingia ndani, kwanza aende dirishani. Makabati mawili, chumba kimoja, na funguo zote anazo Bernadeta. Afungue lipi, inategemea neno analoandika yeye kwenye kadi.

Wewe ungefanyaje? Alikuja bibi mmoja amebebwa na wajukuu, anahara tangu juzi, hana kitu. Bernadeta akaandika kipindupindu. Kesho yake wakaja wawili, akaandika tena. Wenye kipindupindu cha kweli walikuwa wanne tu, lakini yeye aliongeza watu thelathini na mmoja. Wote walipona, na kanisani walimtolea sala.

Tatizo ni kwamba kadi zina mwenyewe. Kila Ijumaa Elias, bwana afya, alikusanya hesabu akapeleka kwa wakubwa. Wakubwa wakaona kwingine wagonjwa watatu, wanne, na kwetu wamezidi thelathini. Wakasema basi maji ya huku yameharibika. Elias akaja na mgambo wawili na tangazo: mwalo umefungwa, hakuna kuuza samaki wala kukaanga, mpaka zipite siku kumi na nne bila mgonjwa hata mmoja.

Nilizima moto wangu siku hiyo hiyo. Tulikuwa wanawake kama arobaini pale, na kila mmoja anaishi kwa karai lake. Wiki ya kwanza tulikula akiba. Ya tatu, binti yangu Rose alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nilikuwa nauliza kila ninayekutana naye, jamani, hao wagonjwa wote wako wapi, mbona mtaani hatuwaoni?

Bernadeta aliniambia mwenyewe, jioni moja kwangu, tonge likiwa mkononi. Dada, akasema, wale wagonjwa ni wangu. Nikadhani anatania. Kumbe alikuwa ameshakwenda kwa Elias kutaka hesabu ifutwe, na Elias akamkanya: klorini ya visima imetolewa kwa hesabu ile ile, ukiifuta, klorini inarudi ilikotoka na wewe unalala mahabusu. Kwa hiyo alikuwa anakaa na jambo hilo tu, anazunguka nalo wodini na kwenye mkeka wangu.

Sitarudia yote niliyomwambia. Nilimwambia anagawa huruma halafu sisi ndio tunailipia. Nilimwambia watoto wetu hawali mwandiko wake. Kisha nikamwapisha kwa kaburi la mama: kuanzia kesho kipindupindu ni kipindupindu, na kuhara ni kuhara. Akaapa. Akanawa mikono, akavaa viatu, akaenda zake.

Na alitii, Bernadeta. Siku zikaanza kuhesabika. Tulikuwa tunachora mistari ya mkaa kwenye ukuta wa banda, siku moja mstari mmoja, na wanawake wakaanza kusugua makarai yao. Bernadeta aliacha kuja kula kwangu. Nikasema amenuna, na anune, mwalo ukifunguliwa nitampelekea samaki, yatakwisha.

Siku ya kumi na mbili niliamka na tumbo. Kufika saa nne ninatoa maji meupe kama yaliyooshea mchele, na aliyeishi mwaka ule hahitaji kuambiwa hayo ni nini. Nikajificha. Ndiyo, mimi niliyemwapisha mwenzangu. Nilimwambia Rose afunge mlango, mtu akiuliza aseme nimekwenda msibani. Zimebaki siku mbili, wanawake arobaini wanangoja, halafu mimi ndiye niwarudishe nyuma? Rose hakunisikiliza, Mungu ambariki. Aliita jirani mwenye baiskeli, wakanifunga kwa khanga kwenye keria, wakanisukuma mpaka kule juu.

Bernadeta alinitazama mara moja akajua. Akachukua kadi. Nikamshika mkono wenye kalamu, ingawa mkono wangu haukuwa na nguvu ya kuzuia hata inzi.

"Andika kuhara," nikamwambia. "Nitalipa."

"Utalipa na nini, dada?"

Sikuwa na kitu. Nikamwambia aandike tu, anichome dripu, mengine tutajua baadaye, si mimi ni ndugu yake?

Hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka mpaka sauti haipandi.

"Jumatatu alikuja mama Jasmin na mtoto," akasema. "Anahara kwa kawaida. Nikaandika kuhara, kama ulivyoniapisha, nikamwelekeza dirishani. Hakuwa na hela. Akaniuliza, nesi, na zile chupa? Nikamwambia zile si za huyu. Akarudi nyumbani kutafuta. Jumatano mmemzika Jasmin, dada. Na kabati lilikuwa limejaa nyuma yangu."

Nilikuwepo kwenye maziko hayo. Mama Jasmin tulikuwa tunakaanga naye, karai lake jirani na langu, miaka mitano. Nililia, nilikoroga uji wa waombolezaji. Waliniambia mtoto alichelewa kutibiwa, na mimi sikuuliza kwa nini alichelewa. Mama yake hakuwa na hela kwa sababu mwalo umefungwa. Na alielekezwa dirishani kwa sababu mimi nilitaka mwalo ufunguliwe.

Nikauachia mkono wa Bernadeta. Akaandika, na mimi nikiangalia, zile herufi zake za kulala alizofundishwa na masista. Kipindupindu. Akafungua kabati jipya. Nilimaliza chupa sita.

Mwalo ukabaki umefungwa siku kumi na nne nyingine, na kila mtu alijua ni kwa ajili ya nani. Nikipita nasikia, samaki mmoja akioza, na hawamalizii. Bernadeta alikuja kwangu nilipotoka, tukala ugali na mchicha, hatukuzungumza habari ya kadi na hatujaizungumza mpaka leo. Mwaka uliofuata jina lake lilitoka kwenye ile orodha ya kupunguzwa. Hakuna aliyekuwa amegundua lolote. Walikuwa wanapunguza tu. Alilala siku nne mfululizo, nikawa naingia kumsikiliza kama anapumua.

Lakini kabla ya hayo, siku mwalo ulipofunguliwa, mama Jasmin alikuja na karai lake akaliweka pale pale pa zamani. Mafuta hakuwa nayo. Nikamgawia nusu ya yangu, nikiwa nimejiandaa kumwambia yote: kiapo, makabati, kadi. Nikaishia kumwambia moto wake umekubali.

Alishukuru. Akatupia mapanki ya kwanza, akangoja yaive upande mmoja. Kisha akaniuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza bei ya kitu sokoni:

"Mama Rose, wewe siku ile ya dripu ulilipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia sikulipa kitu.

Akatikisa kichwa kidogo, akachukua kijiko chake cha waya, akaanza kugeuza.