Baba Alipomfunua Mbwa Kinywa

Baba yangu alikuwa mwindaji wa nguruwe pori upande wa Handeni, na watu walimletea mbwa zao awatazame. Alimfunua mbwa midomo kwa kidole gumba, akaangalia meno madogo ya mbele, akamgeuza uso juani aone kama macho yameanza ukungu, kisha akapapasa viwiko kutafuta sugu. Hapo alitaja miaka, na sikumbuki mtu aliyebishana naye.

Mimi nilijifunza kwa kumwangalia. Meno ya mbele ya mbwa kijana yana vichongo vitatu kwa juu, vidogo mno. Kadiri anavyotafuna mifupa vichongo hulika, vikianza na vya meno ya kati ya chini, mpaka yote yanabaki bapa na manjano. Baba alinionya nisitegemee mvi za mdomoni, kwa kuwa mbwa wengine huota mvi mapema. Alitaka niangalie meno.

Nikaolewa na kijana wa Bungu. Mjerumani alikuwa ameshaishika nchi, reli imeshapita Korogwe, na mume wangu akapata kazi ya kukata mkonge katika shamba moja pande za Ngombezi. Tulikaa kambini, chumba kimoja na jiko la nje.

Siku moja alirudi na mbwa aliyemkuta kwenye vichaka karibu na mto. Alikuwa mwekundu, ana baka jeupe kifuani. Nilimfunua kinywa pale pale mlangoni. Meno ya utoto yalikwisha kung'oka, chonge zilikuwa nyeupe kama maziwa. Nilimwambia mume wangu kwamba mbwa huyu hajatimiza mwaka, na kwamba manyoya yake ni ya mbwa aliyelishwa nyama, kwa hiyo ana mwenyewe. Alisema mwenyewe angekuwa ameshamtafuta. Tukamfunga nyuma ya jiko, na alitufaa, maana nyani walikoma kuja kwenye mihogo yetu.

Karibu mwaka mmoja ulipita. Kisha nyampara alianza kupita kwetu. Mara ya kwanza aliomba maji. Mara ya pili aliomba maji tena, akamwangalia mbwa huku akinywa. Mara ya tatu hakuomba kitu. Alichuchumaa, akalitazama lile baka la kifuani, akaondoka bila kuaga. Nilipomweleza mume wangu, alikaa chini. Kazini watu walikuwa wanasema msimamizi wa shamba, yule Mzungu, alipotelewa na mbwa mchanga mwaka uliopita, na nyampara amemwambia ameonekana kambini. Mume wangu alikuwa ameshaulizwa. Kwa hofu alijibu kwamba mbwa ni wa kwa mkwewe Handeni, alizaliwa huko, na sasa ana miaka mitano.

Nilijua kitu kitakachotazamwa. Yeye pia alijua, kwa sababu kesho yake alileta tupa ya kunolea mapanga kutoka kiwanda cha mkonge, ili tumsage mbwa meno. Nilimbana mbwa kichwa kati ya magoti yangu. Alitulia, akanilamba kiganja. Vichongo vilikuwa bado vyote vitatu, ila vya meno mawili ya kati vilianza kufifia. Nikamwachia. Nilimwambia mume wangu kwamba meno yaliyopigwa tupa hujulikana kwamba yamepigwa tupa. Tulikaa siku tatu tukisikiliza hatua za watu nje.

Siku ya nne, asubuhi, tuliitwa ofisini pamoja na mbwa. Msimamizi alikuwa ameketi barazani, na juu ya meza yake palikuwa na kiboko, kimelazwa sawasawa kama rula. Ndipo nikamwona baba. Askari wawili walikuwa wamemleta kwa miguu kutoka Handeni bila kumwambia jambo lolote. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Nilisema, "Shikamoo, baba," akaitika, na askari akanizuia nisimsogelee.

Karani alimweleza mambo kwa Kiswahili. "Mzee, mkweo anasema mbwa huyu alizaliwa kwako, ana miaka mitano. Bwana anasema ni mbwa wake, hajatimiza miwili. Mtazame, utuambie."

Baba alichuchumaa. Alifanya kila kitu kama nilivyomzoea, bila haraka: meno, macho, viwiko. Mimi nilijua alichokiona. Nilikuwa sijawahi kumsikia akitaja mwaka mmoja usio wa kweli. Baba aliinua uso, akanitazama mimi, halafu akakitazama kile kiboko.

"Mitano," alisema.

Msimamizi alishuka ngazi. Alimfunua mbwa kinywa mwenyewe, kwa kidole gumba, vile vile kama baba, akatazama kwa muda mrefu. Alipozungumza hakupaza sauti, na karani alitafsiri akiwa ameinamisha macho. "Bwana anasema amefuga mbwa tangu utoto wake. Anakuuliza mara ya mwisho, mzee."

"Mitano," alisema baba tena.

Mbwa alichukuliwa. Mume wangu aliachishwa kazi siku ile ile. Baba ndiye aliyelazwa chini, kwa kosa la kumdanganya Bwana, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, askari akihesabu kwa sauti. Hakulia. Mume wangu alilia, akisema ni yeye mwenye kosa, lakini karani hakutafsiri, na hakuna aliyemuuliza.

Tulirudi Handeni kwa siku nne, tukipumzika kila mahali penye kivuli. Njiani nilimuuliza baba aliona miaka mingapi. "Mmoja na nusu," alinijibu. "Mbwa mzuri."

Hatukurudi tena Ngombezi. Mume wangu alilima shamba la baba, na watu walipoleta mbwa zao baba aliwaambia macho yake yamechoka, wanitafute mimi. Vidonda vya mgongoni vilichukua masika yote kupona. Kila asubuhi mume wangu alichemsha maji, akamwosha baba mgongo yeye mwenyewe, taratibu.