Namba ya Injini Isiyokuwepo

Siku hizi nikisikia "nishati safi" redioni, nazima. Watoto wangu wananicheka, eti mama amegombana na redio. Redio haijanikosea kitu. Walionikosea wanajijua, ni wale waliosimama mbele ya kipaza sauti wakaniahidi jambo ambalo karani wao wenyewe hakuwa ameambiwa.

Nilikuwa na bajaji tatu za petroli pale Nyahanga, Kahama. Alfajiri zinawapeleka mamantilie na masufuria yao machimboni, jioni zinawarudisha, na katikati ya hapo zinabeba yeyote atakayenyoosha mkono. Kazi ilikuwepo, tena nyingi. Lakini petroli ilikuwa inatunyonya. Dereva akiishiwa huko porini ananunua ya kwenye chupa, bei anayoitaka mwenye chupa, na nusu yake uchafu. Mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu, ndiye aliyekuwa akisimamia madereva. Kila jioni mimi na yeye tulikuwa tunaongea habari moja tu, mafuta, mafuta, mafuta, mpaka mume wangu akawa anachukua sahani yake na kwenda kulia sebuleni.

Ndipo tukaitwa semina Shinyanga, kwenye ukumbi mmoja wa Kambarage, sisi wenye vyombo vya usafiri. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa maneno matamu. Alisema anayehamia umeme serikali iko nyuma yake, kodi imeondolewa, usajili ni siku chache tu. Mimi sijui kukaa kimya. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Na betri, mheshimiwa?" Akatabasamu. "Mama yangu, na betri." Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikapiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Nikikumbuka yale makofi yangu mpaka leo naona aibu.

Kuuza zile bajaji tatu hakukutosha. Kilichobaki kwenye ukoo wetu kilikuwa ng'ombe waliokuwa kwa mama, kijijini Songwa. Mama yetu tunamwita mayu, kama Wasukuma wote. Ng'ombe wale ndio waliotolewa mahari nilipoolewa mimi. Lakini kwetu mahari ya dada haikai hivi hivi, ndiyo inayomwolea ndugu yake wa kiume. Walikuwa ng'ombe wangu kwa maana ya kwamba walikuja kwa ajili yangu, ila mwenyewe alikuwa mdogo wangu. Na mdogo wangu alikuwa na mchumba Ushirombo, binti wa familia ya wakulima, watu wa kanisani sana, waungwana. Washenga walishamaliza mazungumzo. Kilichokuwa kimebaki ni kupeleka ng'ombe baada ya msimu wa pamba.

Nilikwenda Songwa na mdogo wangu. Nilipomaliza kueleza, mayu alisema neno moja tu.

"Yaya."

Yaya kwetu ni hapana. Nikamwambia naazima tu. Akasema, "Hao wana mwenyewe. Muulize mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu. Kama angesita hata kidogo, ningeacha. Hakusita. Alimwambia mama yetu, "Mayu, dada amesikia kwa masikio yake, serikali imesema. Chombo kisichokunywa mafuta kitawarudisha hawa kabla pamba haijaisha." Alisema vile kwa sababu alikuwa ananiamini mimi. Na mimi nilikuwa namwamini mtu wa kipaza sauti. Wiki ile ile ng'ombe wakaenda mnadani.

Bajaji nne za umeme zilikuja kwa lori kutoka Dar. Jamani, zilikuwa nzuri! Kimya kabisa, ukiziwasha hujui kama zimewaka. Majirani walitoka kuangalia. Lakini hata kabla hazijashushwa nilikuwa nimeshachapwa kofi la kwanza. Aliyeniuzia alinipigia akasema betri zimetozwa kodi, kwa sababu msamaha ni wa chombo, na betri inahesabika bidhaa nyingine. Nikamuuliza, bajaji ya umeme bila betri ni nini kama siyo benchi la kukalia? Akasema, "Mama, hata mimi nimewauliza hivyo hivyo." Nikauza friji ya kiduka changu nikamalizia.

Kofi la pili likawa kwenye usajili. Karani alikuwa kijana mwenye adabu zake, na adabu zake ndizo zilizokuwa zinanitia wazimu, maana huwezi kumfokea mtu anayekuamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Namba ya injini?"

"Haina injini, mwanangu. Ni ya umeme. Ina mota."

"Mfumo unataka namba ya injini. Na ukubwa wa injini."

"Andika haina."

"Haukubali, mama. Pakibaki wazi haukubali, nikiandika herufi haukubali."

"Si mlisema nyinyi wenyewe tununue za umeme?"

"Waliosema ni wa juu, mama. Sisi mwongozo haujatufikia."

Hilo neno, mwongozo haujatufikia, nililisikia mpaka nikawa naliota. Nilipigwa danadana kama mpira wa makaratasi. Kahama wananiambia nenda Shinyanga, Shinyanga wananiambia anza Kahama. Na bila namba za usajili huwezi kuingia barabarani, trafiki atakubeba. Chombo kipo, dereva yupo, abiria yupo, umeme upo, na bajaji zimekaa uani kwangu kuku wanalalia viti. Mdogo wangu alikuwa anaziosha kila siku, maji na sabuni, kila pembe, kana kwamba zimetoka safari. Kulikuwa na vikaratasi vimebandikwa kwenye mota, vya kiwandani, vimeandikwa vinamba vidogo. Vilitoka na sabuni. Hakuna aliyejua kwamba ndivyo vilivyokuwa na maana.

Siku moja yule karani akanichoka, na mimi simlaumu, nilikuwa nimeshakuwa mtu wa pale pale. Akaniambia, "Mama, mwambie fundi aangalie kwenye hizo mota. Haiwezi kukosa namba kabisa. Ukinipa namba yoyote iliyogongwa pale, naingiza."

Fundi wangu alikuwa mchimbaji miaka mingi huko Geita kabla hajashika spana. Alizifungua mota zote nne, akatafuta, hakuna. Akacheka. "Sasa hili nalo ni tatizo?" Akachukua patasi na nyundo.

Hapa lazima nieleze, maana watu wa mjini wakisikia wanadhani tulikuwa wezi. Huku kwetu, duara, yaani shimo la kuchimbia, lina namba. Mawe yakipanda juu yanatiwa kwenye viroba, na kiroba kinaandikwa namba ya duara kabla hakijakwenda kusagwa. Kiroba kisicho na namba hakina mwenyewe, yeyote anakichukua, na hata mwenyekiti wa machimbo hakusikilizi ukilia. Kwa hiyo kwetu kuandika namba kwenye mali yako ndiko kusema ukweli kwamba ni yako. Fundi akagonga namba ya duara lake la zamani, akaongeza moja, mbili, tatu, nne. Nilikuwa nimesimama pale pale namshikia tochi. Si mimi, si yeye, si mdogo wangu, hakuna aliyewaza dhambi. Tulijiona tumechelewa tu kufanya jambo la akili.

Na mfumo ukakubali! Mamantilie walipiga vigelegele uani kwangu. Mdogo wangu akapiga simu Ushirombo papo hapo, namsikia anasema, "Mwambie baba, mambo yamekaa sawa." Alikuwa anacheka peke yake.

Haikuisha wiki. Mkaguzi alikuja na karatasi za kiwandani alizoomba kwa aliyeniuzia, akalinganisha, namba hazifanani hata tarakimu moja. Akaniuliza nani amegonga hizi. Nikamwambia fundi wangu, kiroho safi kabisa, tena nikamwelekeza nyumba yake. Akasema, "Mama, huku ni kughushi." Nikamweleza habari ya viroba. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Mimi nikaandikishwa maelezo kama mwizi wa kuku, na bajaji zangu nne zikavutwa mpaka kwenye ua wa ofisi yao, zikaachwa juani.

Niliwafokea, sikatai. Niliwaambia nyinyi ndio mmeghushi! Mmetengeneza fomu inayodai kitu kisichokuwepo, halafu anayekitafuta mnamkamata. Niliwaambia kama mngenunua kitanda mngekiomba namba ya injini. Mlinzi akanishika mkono, kwa upole, "Mama, mama, shuka chini." Sikushuka. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, na haikusaidia kitu.

Pamba ikaisha mashambani. Baba wa binti aliongeza mwezi mmoja, akisema anaelewa, mambo ya serikali yana taratibu zake. Akaongeza na wa pili. Nilikwenda mwenyewe Ushirombo kuomba, nikapiga magoti kwenye sebule ya watu. Yule mzee hakunitukana. Alisema, "Mama, sisi hatukatai. Lakini binti ana wadogo zake nyuma." Binti mwenyewe aliniletea maji ya kunawa, akainama kuniamkia, macho mekundu. Nilikula chakula chao kwa shida.

Kisha akatokea mwingine, mwenye ng'ombe wanaoonekana. Ndoa ikatangazwa kanisani, Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdogo wangu aliambiwa kijiweni na madereva wenzake. Alikuja kwangu akakaa ngazini, akaniambia, "Dada, imetangazwa," halafu akaomba chai. Nikachemsha. Natamani angenitukana. Ningejua pa kushika. Mayu naye hakusema nilikwambia. Ila nikipiga simu Songwa sasa anaulizia watoto, anaulizia mvua, na simu inakatika upesi kuliko zamani.

Mwongozo ulifika. Ndiyo, ulifika! Baada ya ndoa ile, siyo siku nyingi baadaye, nikapigiwa simu na yule karani mwenyewe, furaha tele, eti mama njoo, mfumo umerekebishwa, pale kwenye injini siku hizi unachagua umeme, namba za mota wametumia zile za karatasi za kiwandani, na lile shauri la kughushi limefutwa, ilionekana ni kutoelewana. Kutoelewana! Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mume wangu akaniuliza nani amekufa.

Nilikwenda na mdogo wangu, kwa kuwa ndiye angeandikwa msimamizi wa vyombo. Bajaji zilikuwa zimepauka, viti vimepasuka kwa jua. Betri moja haikuamka tena. Karani akatukaribisha, akatuvutia viti, akawa anaingiza taarifa za mdogo wangu huku anaongea, maana alikuwa anafurahi kweli, na pengine na yeye alikuwa ameteseka kwa namna yake. Umri. Kata. Namba ya leseni.

"Hali ya ndoa? Umeoa?"

Mdogo wangu akairudisha leseni yake mfukoni.

"Andika hapana," mdogo wangu akasema.

Karani akaandika, akacheka kidogo, kirafiki, vile watu wanavyotaniana. "Kijana mzima kama wewe! Ulikuwa unasubiri nini?"

Nilimjibu mimi, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye foleni nje.

"Alikuwa anakusubiri wewe."