Ukuta Mbichi wa Selloane

Siku Selloane alipoolewa, wakwe zake walimpa kila kitu: blanketi, jina la Mapaseka, yaani Mama Paseka, na nakshi ya kuchora ukutani. Paseka mwenyewe, yaani mtoto, alikuwa bado hajazaliwa, lakini kwetu Wasotho jina humtangulia. Nakshi ilikuwa ya majani manne, ambayo Malineo, mama mkwe wake, aliirithi kwa mama mkwe wake yeye. Kila mwaka kabla ya baridi nyumba hukandikwa upya, na mkamwana hufuata mkono wa nyumba. Hakuna aliyemuuliza Selloane kama mkono wake una la kusema.

Ulikuwa nalo. Mimi ni jirani yake, na kwangu ndiko alikopata kitabu cha michoro, cha karatasi nene, nilichokinunua nikiwa chuoni Roma, mji wa hapa hapa kwetu, kisha nikaogopa kukichafua. Yeye naye alikiogopa vilevile. Katika kila ukurasa alichora ukuta mzima, kwa rula, umekamilika hadi chini ya dirisha. Akikosea mstari alifuta mpaka karatasi ikatoboka, halafu akachana ukurasa akawashia moto. Kitabu kilibaki kisafi, na kilizidi kukonda.

Mwaka ule alijaribu mchoro mmoja kwenye ukuta wa nyuma. Alikandika tope la udongo na samadi, akatazama kitabu, akachora mraba kwa uma, akatazama kitabu tena, akapima. Lakini nakshi huchorwa tope likiwa bichi. Alipofika katikati, jua lilikuwa limeshalikausha. Uma ukakwaruza na vipande vikadondoka. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakasimama.

"Mapaseka, ukuta siku hizi ni mtihani?" mmoja aliuliza. "Maana naona umekuja na majibu."

Tulisikia kicheko chao hadi walipofika kisimani. Selloane alinijia jioni, na hakuja kulia. Alitaka kujua wenzangu waliosomea sanaa walivitumiaje vitabu vyao. Nikamweleza nilichokiona kwa kuchungulia mabegani mwao: vilikuwa vichafu. Walichora kitu, wakakichora tena pembeni, wakakigeuza, wakaandika "hapana" juu yake, wakaendelea. Hawakuchana ukurasa.

"Hata wa vitu vibaya?"

"Vibaya ndivyo vilivyojaa."

Akaachana na kuta nzima. Nakshi yetu ni mraba mmoja tu unaorudiwa na kugeuzwa, kwa hiyo akachukua mraba mmoja. Ndani yake alitaka kuuweka mshubiri wa milimani, ule ambao majani yake huzunguka kama maji yanayoingia shimoni. Mduara haukukubali kukaa kwenye mraba. Aliunyoosha, ukawa ngazi. Aligeuza ngazi zitazamane, kama yanavyotazamana majani manne, zikagongana. Akaziacha zote zielekee upande mmoja, na ukurasa ukaanza kukimbia. Kila alichopata alikijaribu kwenye sinia la tope bichi, kitabu kikiwa kimefunikwa, ili mkono ujue njia bila kuuliza. Karatasi zikajaa udongo na mafuta ya kupikia. Sasa alikwenda nacho hata kisimani, na aliyetaka kucheka alipewa afunue mwenyewe.

Kisha mdogo wa mumewe akawa anaoa. Malineo aliagiza majani manne kwenye kuta zote zinazotazama uani, ambako wageni wangepokewa. Selloane alijibu kwamba nyumba kubwa ataichora majani manne, lakini nyumba anayolala yeye ataichora yake. Akadhani hilo limesikika. Asubuhi ya wageni alipiga ngazi zake, zikitazamana kama majani manne, kwa sababu zile zinazokimbia bado alikuwa na wasiwasi nazo.

Malineo alirudi kutoka kanisani, akauona ukuta. Alibeba ndoo ya tope, akaukandika ukuta ule kwa viganja vyake viwili, kutoka mlangoni hadi konani, mbele ya wanawake wote waliokuja kupika. Hakuna mstari uliobaki.

"Nyumba hii ina mkono wake," alisema. "Ukitaka wako, kajenge."

Wanawake wakaacha kukoroga sufuria. Selloane aliutazama ukuta. Ulikuwa mbichi, laini, umekandikwa na fundi bora kuliko wote kijijini.

"Asante kwa kunikandikia, mama," alisema, akachukua uma.

Kitabu kilikuwa ndani na hakukifuata. Alianza na ngazi zinazoelekea upande mmoja. Malineo alisimama nyuma yake na ndoo, na ndoo ilikuwa na tope bado.

"Unaweza kufuta tena, mama," Selloane alisema bila kugeuka, kwa sauti ya heshima kabisa. "Nitachora tena. Ninazo nyingine."

Uma haukusimama. Ngazi zilipita juu ya dirisha, zikashuka, zikaanza kukimbia kuelekea mlangoni. Nilikuwa nimeshika kikapu cha viazi, nikasahau kukiweka chini. Malineo akaziangalia, akaweka ndoo.

"Kona ile imeanza kukauka," alisema.

Sikujua kama anasaidia au anakejeli, na Selloane hakuuliza. Alihamia konani. Wageni walipoingia uani wakiimba, ukuta ulikuwa bado unang'aa kwa unyevu, na bibi harusi alionywa asiuguse.