Vikoi Vilivyokosa Wanunuzi

Niliacha shule mapema kuwalea wadogo zangu wazazi walipofariki. Kwa hiyo tajiri aliponiketisha mbele ya kompyuta mpya ya duka lake la leso na vikoi, Biashara Street, nilikokuwa mkunja leso, nilijiona bibi harusi. Nikiimudu angenifanya karani, nami ningepanga chumba niwatoe wadogo zangu kwa shangazi na wajomba walikotawanyika. Nilikuwa na hamu nao hata nikiwa kazini.

Tajiri alitaka kujua, katika leso zote zilizouzwa, kila aina ni asilimia ngapi; na kwa vikoi pia. Mimi nikachukua kila mstari wa mauzo nikaugawa kwa jumla ya duka zima. Nimezoea kupikia watu wote chungu kimoja, sikuwaza kwamba kila kundi lina jumla yake.

Nikamwambia kwa madaha, "Vikoi havina soko, tajiri. Tusiagize tena."

Akaisoma karatasi niliyochapisha mbele ya wateja. "Vikoi vyetu si rangi mbili tu?"

"Ndiyo, tajiri."

"Cha bluu asilimia nne, cha kijani mbili. Basi mwanangu, katika wanunuzi mia wa vikoi, sita ndio waliopata. Waliobaki walitoka wamevaa nini?"

"Walitoka uchi!" akadakia Bi Zuhura, mshona pindo.

Duka zima likaangua kicheko. Tajiri akaizima kompyuta, akanielekeza kwenye rundo la leso za kukunja. Nami nilicheka nao, huku nikiwaza nitawaambia nini wadogo zangu, maana nilikuwa nimeshawatumia salamu wafunge nguo zao.